Udongo wa parseli umeharibika na mafuta ao na shaba? Namna ya kuusafisha kwa bakteria na majani, hapa Lubumbashi

Wandugu wa L'shi, na wale wa Likasi na Kipushi pia, hii naandika kwa ajili ya mtu mwenye parseli ambayo zamani ilikuwa garaji, ao mahali pa kuuzia mazutu (dizeli) kwa bidoni, ao iko upande ule upepo unakopeleka moshi wa shimini (bomba la moshi) ya kiwanda cha shaba, na sasa anataka kulima lengalenga ao kuacha watoto wacheze pale. Watu wanauliza kila siku kama ni kweli majani na bakteria zinaweza kusafisha udongo. Ni kweli, na siyo kazi ya wazungu wenye mashine, ni kazi ya jembe, mbolea, maji na uvumilivu. Lakini kuna kitu kimoja lazima kikae kichwani kabla hujaanza, ukikisahau utapoteza nguvu na franga bure: mafuta yanaliwa, metali hailiwi.

Mazutu, esansi (petroli), mafuta ya vidanje (oili iliyotolewa mu injini), vyote vimetengenezwa na kaboni na hidrojeni. Bakteria anavikatakata, anapata nguvu zake humo, kinachobaki ni hewa ya kaboni na maji. Shaba, kobalti, risasi, kadimi ni kitu kingine kabisa, hakuna bakteria wala mti unaoweza kuvimaliza, vinaweza tu kuhamishwa ao kufungwa palepale ili visiingie mu kisima, mu vumbi na mu sahani ya bukari (ugali). Kwa hiyo udongo wa mafuta tunausafisha, udongo wa shaba tunaufunga. Njia mbili, ukichanganya utaharibu.

Kwanza jua uchafu wako ni wa aina gani

Chukua chupa ya plastiki safi inayoonekana ndani, tia udongo ngumi moja, jaza maji kama theluthi mbili, tikisa dakika moja alafu acha itulie saa nzima. Kama juu ya maji kunatokea utando wenye rangi za upinde wa mvua, ao duara jeusi linashika mu chupa, hayo ni mafuta. Angalia vizuri lakini, maana mahali penye maji yaliyosimama kuna bakteria za chuma nazo zinatengeneza utando unaong'aa vilevile. Gusa na kijiti: utando wa bakteria unapasuka vipande vipande na unabaki hivyo, mafuta yanaachana kidogo alafu yanarudi kuungana.

Metali huwezi kuiona kwa macho, lazima uulize historia ya mahali. Kiwanda cha kuyeyusha shaba cha Lubumbashi kilianza kazi mwaka 1911, enzi ya Union Minière, kampuni ya machimbo ya Wabelgiji, baadaye mali yote ikachukuliwa na serikali mwaka 1967, kampuni ikaja kuitwa Gécamines, na kwa miaka yote ile moshi ulikuwa unatua mahali pamoja kwa sababu pepo za kiangazi hapa kwetu zinatoka kusini-mashariki. Ndiyo maana upande wa kaskazini-magharibi, kama kule Penga Penga, kuna udongo uliobaki uchi, mvua inanyesha na hakuna kinachoota. Kama parseli yako iko upande ule, ao iko karibu na machimbo ya zamani, ao ilijazwa na yale mawe meusi ya teri (lundo la mabaki ya kiwanda cha shaba) yanayong'aa kama kioo, chukulia kwamba metali iko mpaka labo iseme hapana. Na majani yenyewe yanasema: Haumaniastrum katangense, lile uwa dogo la zambarau ambalo watu wanaita uwa la shaba, limetumika tangu zamani kama alama na watafuta madini. Ukiliona limeota kwa wingi nyuma ya nyumba, usipande mboga pale.

Alafu fanya jaribio la maharagi, halina gharama. Mbegu 10 mu udongo wako, mbegu 10 mu udongo mzuri wa mahali pengine, maji sawasawa, mwanga sawasawa. Baada ya siku 7 ao 8 zing'oe zote uangalie mizizi, siyo majani tu. Mizizi mifupi, minene, ya rangi ya kahawia, hiyo mara nyingi ni shaba ao udongo wenye asidi kali. Andika zimeota ngapi na weka daftari, tutarudia jaribio hili mara nyingi.

Kama unaweza kulipa labo, lipa, hapa siyo mahali pa kubana franga. Chukua udongo mahali patano tofauti mu parseli, sentimita 20 za juu, changanya, toa kama nusu kilo. Kwa mafuta tumia chupa ya kioo sababu plastiki inanyonya mafuta. Omba pH (kipimo cha asidi), shaba, kobalti, zinki, risasi, kadimi, aseniki, na mafuta yote kwa jumla. Mahali pa kuanzia kuulizia ni Fakilte ya Agronomia ya UNILU, universite ya Lubumbashi, wao wamefanya kazi hii hii ya udongo wa shaba miaka mingi. Ile mashine ya depo za kununua madini, ya kupima tenere ya mawe (wingi wa shaba ndani yake), siishauri kwa bustani, inatafuta asilimia, na sisi huku tunaongelea miligramu mu kilo moja ya udongo.

Udongo wa mafuta

Hapa njo bakteria na majani wanafanya kazi pamoja kweli, na hapa njo nitakaa muda mrefu.

Ziba chanzo kwanza. Kama garaji bado inamwaga vidanje pembeni, kila kitu nitakachosema hapa chini ni bure. Udongo ambao ukiukamua mafuta yanatoka, huo ondoa na pele (beleshi), uweke mu pipa lenye kifuniko, sababu udongo ukipita asilimia 5 ya mafuta bakteria zenyewe zinashindwa, hewa haipiti tena na sumu inazizidi. Unaweza kuurudisha kidogo kidogo baadaye ukiuchanganya na udongo msafi zaidi. Usiuchome moto. Unahamisha sumu kutoka chini unaiweka mu mapafu ya majirani.

Vaa glavu na buti, mafuta ya vidanje yaliyotumika yana vitu vinavyoleta kansa ya ngozi, na watoto wasikae pale wakati wa kazi.

Wakati mzuri wa kuanza ni mwezi wa tisa ao wa kumi. Mwezi wa sita na wa saba usiku kuna baridi hapa L'shi, bakteria zinalala, kazi yao inaongezeka karibu mara mbili kila joto likipanda digrii 10, kuanzia 10 mpaka 45 hivi. Ukiandaa kitanda kabla ya mvua, mwezi wa kumi na moja maji yanakuja yenyewe na majani unayapanda bila kubeba ndoo kila siku.

Kitanda. Chagua mahali palipoinuka, mbali na kisima, mimi nasema mita 30 angalau na kisima kiwe upande wa juu, siyo upande maji yanakoteremka. Tandika bache (turubai) nene chini, ao kama huna, tandaza udongo wa kichuguu uliolowa na kuupiga mpaka ukaze. Zungushia tuta la sentimita 30 pande zote ili mvua isiondoke na mafuta kwenda kwa jirani, tunajua mvua za mwezi wa kwanza zinavyopiga. Weka bache nyingine pembeni ya kufunikia siku za mvua kali. Udongo mchafu umwage juu, unene wa sentimita 30, usizidi 45, ukiwa mnene zaidi hewa haifiki chini na chini kule kazi inasimama. Vunja mabonge yote, toa plastiki, boliti, vipande vya filtre.

Asidi. Udongo wetu mwekundu huku Katanga mara nyingi una pH karibu na 5, na bakteria wanaokula mafuta wanataka kati ya 6 na 8. Tia chokaa ya kilimo, gramu 300 mpaka 400 kwa mita moja ya mraba, changanya vizuri, lowesha, ngoja wiki mbili ao tatu alafu pima tena na karatasi za pH. Chokaa si ya kutafuta mbali, upande wa Likasi, Kakontwe, mawe ya chokaa yako. Usiweke chokaa na urea siku moja, utasikia harufu kali ya amonia inapanda, hiyo ni azoti (naitrojeni) uliyonunua inaruka hewani.

Chakula. Watu wengi wanafikiri bakteria inahitaji mafuta tu. Mafuta yanampa kaboni, ndiyo, lakini mwili wake unahitaji azoti na fosfori, na mu mafuta ni kidogo sana. Kwa hiyo bakteria iko pale, imezungukwa na chakula, na haiwezi kuongezeka. Kanuni inayotumika sana ni kaboni 100, azoti kati ya 1 na 10, fosfori kati ya nusu na 1. Mimi nachukua katikati, 100 kwa 5 kwa 1. Tufanye hesabu ya kitanda cha mita za mraba 10, unene sentimita 30: hiyo ni mita 3 za ujazo, uzito kama tani 4. Tuseme mafuta ni asilimia 1, basi kuna kilo 40 za mafuta ndani, na humo kaboni ni kama kilo 34. Azoti inayotakiwa ni kilo 1.7, fosfori gramu 340. Ukinunua NPK 10-20-10, ile ya mahindi, kilo 4 zinakupa fosfori yote pamoja na gramu 400 za azoti. Azoti iliyobaki, kilo 1.3, unaipata mu kilo 3 za urea. Usimwage yote siku moja, itaunguza bakteria na mvua itaiteremsha mu maji ya kisima. Gawa mara nne, mwezi mmoja mmoja. Mwenye asilimia 2 ya mafuta anazidisha kwa mbili, lakini na mara za kugawa aongeze pia.

Huna franga ya mbolea ya duka? Mbolea ya kuku iliyooza vizuri inafanya kazi, tia kama ndoo 15 za lita 20 kwa kitanda hicho, na upunguze urea nusu. Ile tithonia ya maua ya manjano inayoota pembeni ya njia nayo ina azoti nyingi, katakata majani mabichi uchanganye. Maganda ya karanga ao magunzi ya mahindi yaliyopondwa yanafungua udongo, hewa inapita. Vumbi la mbao weka kidogo sana, linaoza polepole na linanyang'anya bakteria azoti ileile.

Sasa bakteria zenyewe mtu anazitoa wapi? Ziko tayari. Pseudomonas, Bacillus, Acinetobacter, Rhodococcus, hao wako mu udongo wa dunia nzima, na pale mafuta yamemwagika zamani wale wanaojua kuyala wameshaongezeka. Kwa hiyo yule anayekuuzia chupa ya bakteria ya bei kali, muache, bakteria wageni wakifika mahali wenyeji wamezoea mara nyingi wanakufa mu wiki chache. Cha kufanya: tembea mu parseli utafute mahali palipokuwa na mafuta lakini majani yameanza kuota tena. Pale bakteria wameshashinda. Chukua ndoo mbili tatu za udongo ule pamoja na mizizi, changanya na komposti iliyoiva, tawanya juu ya kitanda kizima. Usiongeze sukari wala melasi, watakula sukari kwanza na mafuta watayaacha. Na usimwage omo ao sabuni eti ilainishe mafuta, sabuni inayafanya mafuta yatembee na maji mpaka kisimani.

Kugeuza na maji njo kazi yenyewe. Bakteria hawa wanapumua oksijeni, kwa hiyo geuza kitanda chote na jembe mara moja kila wiki mbili, chini ije juu. Maji: kamata udongo ukamue mu mkono, ukibaki umeshikana bila kudondosha maji ni sawa, ukitawanyika ni mkavu, maji yakitoka ni mengi na hewa imekwisha. Ukisikia harufu ya yai lililooza, maji yamezidi, acha wazi na geuza siku hiyohiyo. Ukisikia harufu ya udongo baada ya mvua imeanza kuizidi harufu ya mazutu, unaenda vizuri.

Alafu majani. Usipande siku ya kwanza, kwanza kugeuza kutayang'oa, pili sehemu nyepesi ya mafuta ndiyo inayoua mbegu. Baada ya wiki 6 mpaka 10 rudia jaribio la maharagi, na kama zimeota zaidi ya nusu ya zile za udongo mzuri, acha kugeuza na panda. Kuanzia hapa mizizi njo inachukua kazi ya jembe. Inafungua udongo, inapeleka hewa chini, na kitu kikubwa zaidi, inatoa sukari na asidi laini kuzunguka yenyewe, bakteria wanakusanyika pale mara 10 mpaka 100 kuliko udongo usio na mizizi. Mti hauli mafuta, unalisha wanaokula. Ndiyo maana tunataka majani yenye mizizi myembamba na mingi sana, siyo mti mmoja wenye mzizi mnene.

Yanayofaa hapa: Panicum maximum, majani marefu ya malisho, Cynodon dactylon yale yanayotambaa mu viwanja vya mpira, na vetiveri kama unaipata, mizizi yake inateremka mita 3 na zaidi. Panda vipande vya mashina, sentimita 30 kati ya kimoja na kingine, vetiveri iwe karibu zaidi, 15 mpaka 20, hasa pembeni ili izuie udongo. Katikati ya mistari tia mukuna ao krotalaria, hizi ni jamii ya maharagi, kwenye mizizi yao kuna bakteria wengine wanaovuta azoti kutoka hewani, kwa hiyo kuanzia hapo urea unaweza kusahau. Majani yakifika magotini, kata uyaache yalale palepale. Mbuzi wasiyale.

Muda? Esansi sehemu kubwa inaruka yenyewe. Mazutu, ukifanya yote haya, miezi 6 mpaka miaka miwili kufuatana na wingi. Vidanje ni nzito, iko polepole, na kipande fulani cha mwisho kinashikamana na udongo hakitoki kirahisi. Kila miezi miwili fanya chupa na maharagi, andika mu daftari. Labo rudi mwisho wa msimu wa mvua. Karatasi mbili za labo, ya mwanzo na ya mwisho, zina maana kuliko kumi zilizopimwa hovyohovyo.

Udongo wa shaba na ndugu zake

Kuna habari inazunguka kwamba unapanda alizeti ao majani fulani, yananyonya shaba, unayakata, udongo unakuwa msafi. Tufanye hesabu pamoja. Mita moja ya mraba, sentimita 20 za juu, ni kama kilo 260 za udongo. Ukiwa na miligramu 2,000 za shaba mu kila kilo, mita hiyo imebeba gramu 520. Majani mazuri yanakupa kilo moja kavu kwa mwaka, na tuseme yamebeba miligramu 200 za shaba, hiyo ni gramu 0.2. Miaka 2,600. Hata uwa la shaba lenyewe, watu waliamini muda mrefu linajaza shaba mu majani yake, baadaye watafiti walipoyaosha vizuri ikaonekana sehemu kubwa ilikuwa vumbi lililoshika juu.

Kwa hiyo tunafunga. Shaba inaumiza mizizi pale inapokuwa imeyeyuka mu maji ya udongo, na asidi ndiyo inayoiyeyusha. Hatua ya kwanza ni chokaa, polepole, mpaka pH ifike 6.5 hivi. Usivuke sana, kama labo imeona aseniki udongo wenye pH ya juu unaiachia, na mbolea ya fosfati nyingi nayo inaisukuma itoke, aseniki ikiwepo fosfati weka kidogo tu. Hatua ya pili komposti iliyoiva, kilo 3 mpaka 5 kwa mita ya mraba, shaba inapenda sana kushikamana na kitu kilichooza na ikishika pale haitembei ovyo. Udongo wa kichuguu nao ni mali, vile vichuguu vikubwa vya Katanga mara nyingi vina udongo mfinyanzi mwingi na chokaa yake ya asili, ukiusaga ukauchanganya unapandisha pH na unashika metali. Wanaochoma matofali wanaujua, sisi wa bustani tunauacha.

Hatua ya tatu ni kufunika na majani yanayovumilia. Watafiti wa UNILU pamoja na Wabelgiji walijaribu hili kule Penga Penga, na jani lililoonyesha nguvu ni Microchloa altera, jani fupi la vilima vya shaba, linashika udongo na linakaa mwaka hata mwaka, hasa ukilipa chokaa na komposti. Linapandwa kwa kugawa kishina, kishina kimoja kinatoa vidogo vingi. Nakuomba kitu kimoja: usiende kuchuna kilima kizima. Mimea ya vilima vya shaba vya Katanga, mingine haipo mahali pengine popote duniani, na machimbo yameshakula sehemu kubwa. Chukua vishina vichache, vizalishe kwako kwenye kitanda kidogo, alafu sambaza.

Bakteria hapa wako na kazi, lakini siyo ile ya mafuta. Wengine wanaoishi kwenye mizizi wanatoa ute unaoshika metali, wengine wanapunguza homoni ya mateso ya mmea ili mizizi iendelee kurefuka, na kuvu za mizizi zinashika metali mu nyuzi zao kabla haijaingia ndani. Shida, kuna bakteria wengine wanatoa asidi inayoiachia metali. Kwa hiyo usimwage bakteria ovyo mu udongo wa shaba. Tia komposti, na ulete mkono mmoja wa udongo kutoka chini ya majani yaliyozoea shaba, hao wenyeji watajipanga.

Mwaka mzima wa kwanza lengo lako ni moja: usionekane udongo uchi. Vumbi la kiangazi ndilo linaloingia mu nyumba, mu sahani, mu mikono ya mtoto anayetambaa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2009 ulikuta kobalti nyingi sana mu mikojo ya watu wanaoishi karibu na machimbo na viwanda vya Katanga, na watoto walikuwa nayo zaidi. Pale majani hayajashika, tandaza mabua ya mahindi, ao mwaga udongo msafi juu, hata sentimita 10 zinasaidia.

Na mboga je?

Mu udongo wa shaba usipande lengalenga, matembele, wala shu ya Shine (kabichi ya Kichina). Mboga za majani zinavuta metali kuliko matunda, na zinashika vumbi. Jenga vitanda vya juu, sentimita 40 za udongo msafi uliopimwa, chini weka mfuko wa sandarusi mnene unaopitisha maji ili mizizi isiteremke na wewe usichanganye na jembe. Mahindi, nyanya, maembe, hayo hatari yake iko chini. Mboga yoyote ya sokoni iliyolimwa kando ya mto Lubumbashi ao Naviundu, osha mara tatu mu maji safi.

Mahali ambapo usiguse mwenyewe

Mafuta ya transfo (transfoma ya umeme) ya zamani: yanaweza kuwa na PCB, sumu ya kemia, bakteria wa kitandani hawawezi, na kuyagusa tu ni hatari. Mahali walipovunja batri za gari: risasi iko kwa wingi mno, funika, zungushia, toa watoto wote pale, na wapeleke wakapimwe damu. Asidi ya kiwanda. Mawe ya manjano ao ya kijani yasiyojulikana, maana Katanga tuko na uranium, Shinkolobwe iko upande wa Likasi. Kwa hivi vyote jibu siyo majani.

Na kwa wewe wa garaji, ambaye kitanda chako kimeshapita jaribio la chupa na la maharagi, mafuta hayanuki tena na majani yanapendeza: kumbuka vidanje inatoka mu injini, na injini inasagika, humo kuna zinki, risasi, wakati mwingine kadimi, na hivyo havikuliwa na mtu. Panda mahindi msimu wa kwanza. Lengalenga ingoje mpaka karatasi ya labo ya risasi na kadimi iwe mkononi.